Ufunguo Ndani ya Soksi

Leo mwanangu Lwazi amerudi kutoka Amerika, alikokuwa akilipwa kurusha mpira wa besiboli. Nilimwona kutoka roshani yetu, ghorofa ya tatu, amesimama getini na begi lake.

Nikamtupia ufunguo ndani ya soksi, kama tunavyowafungulia wageni hapa mtaani Hillbrow. Akaudaka kwa mkono wa kushoto, akafungua.

Nikakinga mikono. Tangu utoto, akishafungua hunirushia ufunguo huku juu, nao hutua kiganjani bila mimi kusogea. Miaka yote aliyokuwa mbali, kiganja changu kimeukumbuka uzito ule.

"Haya, rusha, baba!"

Majirani walikuwa wametoka kumtazama. Nimewaringia sana kwa mkono wake wa kulia, ule wa kurushia.

Lwazi akauhamishia ufunguo mkono wa kulia. Akauinua mkono, ukafika kifuani, ukagoma. Akaushusha polepole, akatabasamu.

"Eish, Mama, napanda nao."

"Upande ngazi kwa nini, na lifti mbovu? Rusha bwana!"

Nikasikia geti likifungwa, kisha nyayo zake kwenye ngazi.

Majirani wakarudi ndani mmoja mmoja. Mimi nikabaki palepale, mikono nimeikinga.