Ndũkũ wa Chumba cha Nyuma

Milango ya mji ule ilifunguka kwa jina tu, na vioo vyake vya kuandikia majina havikuweza kuonyesha herufi yenye alama juu. Jina la Ndũkũ lilitokea na visanduku vitupu mahali pa kila ũ, naye akabaki nje ya nyumba yake akinyeshewa.

"Mama, andika u ya kawaida uingie," bintiye Mumbua alimsihi kutoka dirishani.

Akakubali shingo upande. Mlango ukafunguka, ukasema: "Karibu, Nduku."

Tangu hapo nyumba ikahesabu mtu mmoja zaidi. Iliwasha taa chumba cha nyuma kisichokaliwa na kumpashia mtu maji ya kuoga.

Jioni moja Nduku alimkuta Mumbua kwenye chumba hicho, akiongea na kucheka peke yake.

"Unaongea na nani, mwanangu?"

"Na mama," alijibu Mumbua, kisha akageuka. "Wewe ni nani?"