Liwa ya Bi Mwanate

Kila nyumba ilitakiwa kutoa ngozi moja, yaani mkono wa mtu mmoja, ya kujaribia wino wa tatoo, ule wa kuwachorea watoto wachanga namba zao za uraia. Ngozi ikiukataa wino, ilichukuliwa nyingine ya nyumba hiyo hiyo. Kwa Bi Mwanate walikuwa wawili tu, yeye na binti yake Batuli, mwenye mimba ya miezi saba.

Bi Mwanate alitoa mkono wake; kwa hiyo ulipoanza kumwasha, alifunga mdomo. Kila asubuhi ya ukaguzi alisaga liwa, ule mti wa manukato unaopoza ngozi, akajipaka, akaiacha ikauke, kisha akaiosha. Uvimbe ulinywea.

"Unakuwasha, mama?" mkaguzi aliuliza.

"Hata kidogo, mwanangu."

Mkaguzi akaandika: salama.

Miezi miwili baadaye Batuli alirudi kutoka hospitali na mtoto wa kike, mkononi ana namba mbichi ya wino ule ule. Mtoto alilia tangu adhuhuri, akiusugua mkono kwenye kanga.

"Mama, huyu ana nini?"

Bi Mwanate alivuta jiwe akaanza kusaga liwa, na chini ya mtandio mkono wake mwenyewe ulikuwa ukimwasha kama siku ya kwanza.