Ukuta wa Mestre

Nilishusha timazi kando ya ukuta, nikangoja uzi utulie. Ulipotulia, nafasi ya kidole kizima ilibaki kati yake na tofali la chini. Ukuta ulikuwa umeinama, na aliyeujenga ni mestre mwenyewe, msimamizi wetu mpya wa nyumba hizi za Quitunda, za watu waliohamishwa kupisha mradi wa gesi.

Mafundi wote walinitazama. Msimamizi aliyepita alimfukuza kila aliyetaja kosa, basi tulizoea kulipaka plasta na kunyamaza.

“Saquina, unaonaje?” akauliza mestre.

“Umeinama, mestre. Sitaki mtu alale chini yake.”

Alichuchumaa, akafumba jicho moja, akautazama ule uzi. Kisha akashika nyundo, akaligonga tofali lake la juu mpaka likaanguka.

“Kuanzia leo,” akasema, “ukuta haupakwi plasta kabla Saquina hajaupima.”

Halafu, kutoka nyumba ya pili, fundi mzee kuliko sote akaniita.

“Mwanangu, njoo upime na wangu. Najua umeinama.”

Nyundo alikuwa ameshaishika.