Jina la Mtuhumiwa

“Nilijifanya nimekufa, ndipo akaacha.”

Vitus aliusoma mstari huo kwenye kompyuta yake, akasogeza kikombe cha chai pembeni. Chini yake ulikuwepo mwingine wa asubuhi hiyohiyo. “Meno mawili yaling’oka. Niliyameza nisije nikachafua zulia.” Na mwingine tena. “Kidole kilipinda kikaangalia nyuma. Nilikirudisha mwenyewe, nimeuma taulo.”

Zote zilikuwa taarifa za mwanamke mmoja, na zote fomu ilikuwa imezikataa.

“Umeona, kaka?” Rozalia alikuwa hewani kutoka Mbeya. Simu ilikuwa juu ya meza, spika imefunguliwa. Yeye ndiye aliyesimamia nyumba ya kuwahifadhi wanawake waliokimbia vipigo, na tovuti ya kupokea taarifa zao alijengewa na Vitus, aliyekuwa akifanyia kazi zake nyumbani, Kihesa, Iringa. “Huyo mama anajaza, anabonyeza tuma, fomu inamrudisha mwanzo. Kwangu haifiki. Nisingezijua kama usingenionyesha mahali pa kuangalia zilizokwama.”

“Hajaandika jina lake?”

“Hajaandika. Anaogopa.”

“Na la mwanamume?”

“Naona nyota tupu.”

Vitus alikumbuka. Yeye mwenyewe ndiye aliyeuagiza mfumo ufiche jina na makazi ya mtuhumiwa mpaka taarifa ikamilike, ili mwanamume wa watu asichafuliwe bure.

Alisoma zaidi. “Nikikohoa, mbavu zinagongana nazisikia.” “Damu imeingia jichoni, upande huo naona kama moshi.” Kila mstari ulimpandisha hasira. Aligonga meza kwa ngumi, kikombe kikaruka, kikapasukia sakafuni. Mkewe, Severina, alitoka jikoni na kitambaa, akachuchumaa, akaanza kuokota vipande bila kuinua uso.

“Pole, baba,” alisema taratibu.

Vitus aliigeukia simu. “Mtu kama huyu ni wa kukatwa mikono, dada Rozalia! Angekuwa hapa mbele yangu ningemvunja shingo. Walevi hawa!” Yeye hakuwahi kuonja hata ulanzi, na kwenye kwaya ya usharika ndiye aliyeongoza besi.

“Shingo utaivunja baadaye. Kwanza huyo mama anifikie. Umeiona ya mwisho?”

Alishuka mpaka chini. “Safari ijayo sitakuwa najifanya.”

Hapo Vitus aliacha maneno. Alifungua kiolezo kinachopanga ukurasa wa fomu, akaanza kukipekua mstari kwa mstari. Kosa la kwanza halikujificha. PHP, lugha inayoendesha tovuti, ilikuwa ikiutuma ujumbe wa kosa kwa jina moja, kiolezo kikiusubiri kwa jina jingine, basi ujumbe ukapotelea katikati. Yule mama alikuwa anafukuzwa mlangoni bila kuambiwa kwa nini. Vitus alirekebisha, akapandisha faili, akajaza herufi ovyo kuona kama ujumbe sasa unatokea. Ulitokea. Akazifuta.

“Akirudi ataambiwa kosa liko wapi,” alisema.

“Atarudi. Tangu alfajiri hajakata tamaa.”

Severina alibeba vipande akarudi jikoni. Muda si mrefu taarifa nyingine ikakwama, na safari hii sababu ilikuwa pembeni yake, kwa maandishi mekundu. Jina la mtuhumiwa: tumia herufi tu.

“Herufi tu?” Vitus aliguna. “Kwani yeye kaandika nini, namba?”

Rozalia alidakia. “Siyo ile alama ya juu, kaka? Ya ng’ombe? Huku Chunya machimboni wamejaa akina Ng’wandu na Ng’wanza. Kila fomu inawasumbua.”

Vitus alijipiga paji la uso. Sheria ile ya kuhakiki majina aliinakili kutoka kazi ya zamani bila kuifikiria. Iliruhusu herufi na nafasi, basi. Alama moja ndogo kama chunusi, na mtu alikuwa anauawa nyuma yake.

“Mchimbaji,” alisema. “Nilijua tu. Wakipata dhahabu wanakunywa, wakikosa wanapiga.”

“Rekebisha, kaka Vitus. Nimeshaongea na polisi wa dawati la jinsia, wanasubiri jina tu. Wakilipata wanamfuata popote alipo.”

“Wamfuate. Wampige na wao, aonje.”

Aliongeza alama ile kwenye sheria, akahifadhi, akapandisha. Mtandao ulikuwa mzito kwa sababu ya ukungu na mvua, ukasuasua, mwishowe ukakubali.

“Tayari. Ngoja niijaribu mwenyewe, halafu nikupe taarifa.”

“Mungu akubariki,” Rozalia alisema, akakata.

Mikono ilikuwa imepata baridi. Vitus aliipikicha, akaita chai nyingine. Jikoni hakujibu mtu. Maji yalikuwa yanamwagika kwenye ndoo. Aliita tena, kwa ukali zaidi, akainuka nusu kwenye kiti, kisha akajizuia. Kazi kwanza, mengine baadaye. Alikaa, akaivuta kibodi.

Simu ikaita kabla hajagusa herufi hata moja.

“Imepita!” Rozalia alikuwa anacheka kwa furaha. “Jaribio lako limenifikia sasa hivi, lote, bila kukwama. Tena umeigiza maneno ya yule mama mpaka nimesisimka. Ila kwenye jina na makazi ya mtuhumiwa umenivunja mbavu, kaka, kujiandika mwenyewe! Vitus Ng’umbi, Kihesa, Iringa. Niifute?”

Vitus alikuwa bado hajajaribu kitu.