Kunde za Mama Kanga

Mama Kanga aliogopa kupika, hivyo kila jioni aliwanunulia wanawe chipsi kibandani kwa Kima. Siku moja akakuta kibanda kimefungwa. Vifaranga wakalia njaa.

Jirani yake, Kobe, akamletea kunde na nazi.

"Nitaziharibu, shoga, wanangu walale njaa!"

"Ziharibu na chumvi kidogo," Kobe akacheka.

Kanga akapika, akaonja, akaonja tena. Alipofunua chungu, hodi ikabishwa. Kima huyo, bakuli mkononi.

"Dada, nionjeshe."

"Wewe mwenye chipsi?"

"Zangu sizili. Yale mafuta nayajua mwenyewe."

Vifaranga wakampisha mkekani. Tangu siku hiyo Kima hufunga kibanda mapema, awahi kwa Kanga.