Vitu Visivyopaswa Kuzimika

“Umeme ukikatika, ni vitu gani lazima viendelee kufanya kazi?” muuza betri alimuuliza kaka yangu, kalamu mkononi.

Kaka alivitaja harakaharaka, kama aliyekariri: friji, televisheni, intaneti, taa za nje, na ile pampu inayowapa hewa samaki wa wifi yangu.

Nilisubiri. Mama anaishi kwa kaka, na anapumua kwa mashine ya oksijeni ya umeme. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeigeuza mashine nikanakili wati zake kiganjani: mia tatu hamsini.

Muuzaji alijumlisha, akagonga betri ndogo yenye mpini. “Hii inawatosha kabisa, bosi.”

“Na mama?” nikauliza.

Kaka alishika mpini, akaipima uzito. “Dada, nilikuwa nakuja kukwambia. Tumekaa na wifi yako, tumeona mama ahamie kwako. Jumamosi. Kule kwako kumetulia.”

Kumetulia! Kwangu umeme hukatika hata wingu likipita.

“Mwenyewe anajua?”

“Nguo zake zimeshafungwa.”

Nilitaka kumtukana, badala yake nikafumbua mkono. Kiganja kilikuwa kimelowa jasho na wino umeanza kusambaa, ila namba bado ilisomeka. Nikakilaza mezani mbele ya muuzaji, juu ya orodha ya kaka.

“Nipe betri inayobeba hii usiku kucha,” nilimwambia. “Na ya bosi mfungie vizuri. Samaki wasije wakaishiwa pumzi.”