Migeuko Ishirini

Bunduki ilikuwa imelala juu ya mizani ya unga, na Orrin Haslam alikuwa ameinama mbele yake kama mtu anayesali.

"Ratili nane kasoro kidogo," alisema. "Imekubali."

Mkewe, Twyla, alikuwa amesimama mlangoni na kikapu cha mayai. "Imekubali nini? Na hiyo ni mizani yangu ya mikate, mzee."

"Nitaifuta."

"Na kwa nini ratili nane?"

"Ndivyo inavyotakiwa. Isizidi ratili nane, wala isigharimu zaidi ya dola mia nane. Mtutu nimeupata kwa fundi aliyefunga kazi. Kitako nimekichonga mwenyewe." Akatabasamu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Mei. "Nyepesi, lakini ina adabu."

Mwezi huo wa Mei ndipo LaVar Peck, jirani wa ng'ambo ya bonde, alipoufunga mlango wa mfereji na kudai kwamba maji ya chemchemi yalikuwa ya babu yake. Orrin naye alikuwa na babu. Tangu hapo majani ya ng'ombe yakaanza kugeuka rangi ya karatasi kuukuu. Jumapili moja, kwenye ngazi za kanisa, Orrin alimwambia LaVar mbele ya waumini wote: "Mmoja wetu atayaacha maji haya kabla ya Agosti." LaVar alicheka. Orrin hakucheka.

Siku ya Alhamisi, Twyla alipokuwa akifua koti la mumewe, aliona mfukoni kijikaratasi chenye mwandiko wake wa mraba: *Mlango wa mfereji. Yadi 910. Jumamosi, saa moja asubuhi. Risasi moja.*

Koti likamponyoka, likazama ndani ya beseni. Hakuna mtu bondeni asiyejua ni nani aliyesimama penye mlango wa mfereji kila Jumamosi saa moja asubuhi, amevaa kofia ya majani, mkono kiunoni kama aliyeyaumba maji yenyewe.

Mara mbili aliunyanyua mkono wa simu, na mara mbili akaurudisha. Kumwita sherifu na askari wake kungemwokoa LaVar na kumpoteza Orrin.

"Orrin," alisema wakati wa chakula, "ile bunduki ni ya nini?"

"Ya kumaliza maneno."

"Maneno humalizwa kwa maneno."

"Tumeyasema yote. Hata yasiyosemeka."

"Basi niambie unalotaka kulifanya."

"Nikikuambia utanizuia." Akaushika mkono wa mkewe. "Mke wangu, miti yako ya pichi inakufa huku unaitazama. Risasi moja tu, na LaVar hatayagusa tena maji yetu."

Ijumaa alasiri Orrin alirudi kutoka kuijaribu silaha yake. "Tano katika tundu moja!" alipaza sauti tangu uani. "Ungeweza kulifunika kwa kifungo cha shati!" Akailaza mezani, akaenda kuwalisha ng'ombe huku akipiga mbinja.

Twyla hakuwa mgeni wa darubini za bunduki. Baba yake aliwinda kulungu maisha yake yote, naye ndiye aliyemfundisha: "Ukifyatua mbali, subiri pumzi mbili, ndipo mlima utakapokuambia ulilolifanya." Gurudumu la juu ya darubini, lile la umbali, hakuligusa, kwa maana mpiga shabaha huligeuza kila siku na angeligundua. Aligusa la pembeni, lile la kusogeza shabaha kushoto au kulia, lililofunikwa. Hilo hurekebishwa mara moja, likafunikwa, likasahauliwa. Upepo hukadiriwa kwa jicho.

Akafungua kifuniko. Kila mgeuko ulitoa mlio mdogo, *tik*, nao ulikuwa sawa na upana wa kiganja huko mbali. Aligeuza mara ishirini, akihesabu kwa midomo mikavu. Hatua mbili kamili kando ya mtu. Akakifunga kifuniko, akanawa mikono mara tatu, na bado ilinuka mafuta ya bunduki.

Jumamosi Orrin aliondoka bila kunywa hata kahawa. Twyla alimfuata kwa miguu, akajibanza nyuma ya ghala la nyasi, ngumi mdomoni. Gari la mumewe lilikuwa limesimama ukingoni mwa bonde. Nyuma ya magurudumu aliona viatu vyake tu, vidole vikitazama udongo. Mtu aliyelala kifudifudi. Mtu aliyetulia.

"Ee Mungu," alinong'ona, "ishirini ziwe zimetosha."

Mlio ukapasua asubuhi.

Pumzi ya kwanza. Pumzi ya pili. Hakuna ukelele. Hakuna kitu chochote, ila vumbi jembamba lililotimka ng'ambo, kushoto kabisa kwa mlango wa mfereji. Twyla alianguka kwenye nyasi akilia na kucheka kwa pamoja: hakuna aliyekufa, hakuna mjane, hakuna muuaji.

"Umekosa, jirani!"

Sauti ilitoka nyuma ya gari. LaVar Peck alisimama, akakung'uta majani tumboni na kuivaa kofia yake. Mkononi alikuwa na bunduki nyepesi, dada wa ile ya Orrin.

"Hatua mbili nzima! Nyanya yangu angeipiga sahani ile ya chuma pale mlangoni akiwa amefumba macho. Haya, nipishe. Tulipeana mikono: atakayekiliza chuma ndiye mwenye maji."

Orrin alikuwa akiitazama bunduki yake kama mtu anavyomtazama mbwa aliyemlea, kisha akamng'ata.

LaVar akalala chini. Twyla akaitazama mikono yake, iliyokuwa bado inanuka mafuta ya bunduki.

Mlio. Pumzi ya kwanza. Pumzi ya pili.

Kutoka penye mlango wa mfereji chuma kikalia, chembamba na safi, kama kengele ya kanisa la mbali.